Kanuni Zilikuwa Zangu Peke Yangu

Baba yangu alinunua redio moja tu maishani mwake, na hiyo redio haikuwahi kusema hata neno moja. Aliitoa Mombasa, akashuka nayo pale stesheni ya zamani ya Voi, akaipandisha Bura kwa kichwa, imefungwa kwenye leso ya mama. Njiani akanyeshewa. Alipofika, ua ulikuwa umejaa watu maana habari zilimtangulia, na mbangara, pombe yetu ya kienyeji, ilikuwa imeshaandaliwa. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akazungusha kile kifundo. Kimya. Akazungusha tena. Jirani mmoja akasema labda wale wa redioni bado wanakula. Mwingine akasema, "Ipeni nafasi, inaona haya, imezoea watu wa pwani." Walikaa mpaka mbangara ikaisha, kisha wakaondoka mmoja mmoja wakimshika baba mkono kama mtu aliyefiwa.

Siku ya tatu, baba akiwa shambani, niliifungua. Sitadanganya kwamba nilitaka kuitengeneza. Nilitaka kuona wale wanaosema wanakaa wapi. Nilikuta waya zimejikunja kama utumbo wa kuku, na katikati kulikuwa na kitu kidogo chekundu kinachong'aa, kizuri sana, nikakimeza. Usiniulize kwa nini. Nilipigwa kwa kufungua redio, lakini hakuna aliyejua habari ya kumeza, na mpaka leo, mzee wa miaka yangu, sina hakika kama kile kitu kilitoka.

Naanza na redio kwa sababu watu huniuliza, wewe mzee, darasa la nne, uliingia vipi kwenye mambo ya kuandika programu za kompyuta, nami huwa sijui pa kuanzia. Na hilo darasa la nne pia niseme ukweli. Wenzangu wengi waliacha shule kwa kukosa karo. Mimi nilichoka tu. Mwalimu wa hesabu alikuwa na pete kubwa na alipenda kugonga vichwa kwa upande wa pete. Nikaona hapana, nikashuka Voi, nikaandikwa kazi ya reli, kwenye gangi la kukaza vyuma njia ya kwenda Taveta. Huko nilikaa hadi magoti yakakataa. Reli ya mchana wa Voi ukiikalia bila gunia utajua umekalia nini.

Baadaye nikawa fundi wa simu pale karibu na soko. Nilijifunza kwa kuharibu za kwangu kwanza. Simu za hapa ugonjwa wao mkubwa ni vumbi jekundu. Linaingia pale pa kuchajia linakaa kama saruji. Ndivyo alivyokuja kwangu huyu mtu ninayetaka kumzungumzia. Sitamtaja jina. Nilimwita Mwalimu, nitamwita hivyo hapa. Ni mtu wa hapa hapa Voi, wazazi wake wana asili ya pwani, duka lao la vitambaa limekuwa hapo tangu mimi nikiwa kijana wa reli. Leso za mama yangu zilitoka kwa baba yake. Alisimama akaniangalia nikichokoa vumbi kwa mwiba wa mgunga.

"Kaka, una subira wewe," akasema. "Mikono yako haina haraka."

"Haraka niliiacha relini," nikamwambia.

"Hebu njoo kwangu juu, nikuonyeshe kazi inayotaka subira."

Juu ya duka la vitambaa kulikuwa na chumba: meza tatu, feni moja, na dirisha linaloangalia mlima Sagalla. Humo ndimo ilimoandikwa programu ya zamu za maji. Mwalimu na marafiki zake wawili waliianza miaka mingi iliyopita kwa mfereji mmoja wa kule Njukini. Kabla yake kila mfereji ulikuwa na mtu na daftari, na daftari lilikuwa na vita. Programu yenyewe ilikuwa inagawa: leo fulani, kesho asubuhi fulani, kesho mchana jirani yake, kisha inawatumia watu ujumbe kwenye simu. Kutoka Njukini ikapanda mpaka kwetu Bura, na sehemu nyingine siwezi kuzitaja zote. Wale marafiki wawili walikwenda zao. Waliobaki wakawa wanajitolea, wanaandika kipande, wanaondoka, wanakuja wengine. Nilipoingia mimi alikuwapo binti mmoja, watu wake walikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya mkonge, yeye amezaliwa hapa. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kipande kinacholetwa kabla hakijamfikia Mwalimu. Aliniita babu tangu siku ya kwanza, na mimi sikumkataza.

Siku hiyo hiyo ya kwanza Mwalimu alinipa karatasi kumi na mbili zimebanwa pini. Juu zimeandikwa Kanuni za Kuandika. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Hizi nimeziandika mwenyewe. Ukizifuata, humu ndani hakuna mkubwa wala mdogo. Profesa akija, atazifuata. Wewe wa darasa la nne, utazifuata. Tutakuwa sawa."

Hebu fikiria mtu kama mimi kuambiwa hivyo. Maisha yangu yote mahali pakiwa na karatasi, mimi nangojea nje.

Nikazisoma kama katekisimu. Mstari usipite herufi themanini. Mwanzo wa mstari wa ndani acha nafasi nne, zisiwe tatu, zisiwe tano. Kila kitu kipewe jina kamili la Kiswahili, lisifupishwe. Kila kazi, yaani kile kipande cha programu kinachofanya jambo moja, iwe fupi, mtu aione yote bila kuteremsha skrini. Na juu ya kila kazi eleza kwa nini ipo. Miaka miwili Mwalimu alinifundisha, kila asubuhi baada ya chai na mahamri, kabla duka chini halijachangamka. Alikuwa na subira kuliko mimi. Nikikosea alikuwa anacheka tu, "Nyie watu wa milimani, kila kitu mnakipanda kwa miguu." Mimi namjibu, "Na nyie wa pwani mnangoja mletewe." Tulikuwa marafiki. Naliandika hili wazi kwa sababu yaliyofuata yangekuwa madogo sana kama hatungekuwa marafiki.

Na nikiri na hili: nilijivuna. Jumapili nilikuwa nabeba zile karatasi kumi na mbili ndani ya Biblia, ncha zimechomoza makusudi, mtu aulize. Watu wakauliza.

Sasa, dada yangu. Ni mdogo wangu, ameolewa hapo hapo Bura, ana matuta ya nyanya na kabichi chini ya mfereji. Mume wake alifariki mwezi wa jua kali. Kwetu kwenye ule mfereji, nyumba ikifiwa, haishiki jembe mpaka matanga yaishe. Zamu yake ya maji hailiwi na mtu, tunasema inalazwa. Jirani anachukua siku ile, lakini anajua ni ya kuazima. Matanga yakiisha, zamu zote zilizolala zinaamshwa moja moja mpaka ziishe. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo. Mtu wa daftari alikuwa analijua kwa kuwa alizaliwa pale, na mama yake alifiwa, na yeye mwenyewe alifiwa.

Programu haikuzaliwa pale. Ilikuwa inamtumia dada yangu ujumbe, zamu yako ni leo, naye yuko ndani na wanawake wanamshikilia. Siku ikipita, imepita. Zamu tatu zikaenda hivyo. Alipotoka nje, kabichi zilikuwa zimekuwa kama karatasi za kufungia sukari. Akaenda kwa kamati ya mfereji kudai zamu zake zilizolala. Mwenyekiti, mtu tunayemjua tangu akiwa mtoto, akamwambia, "Mama, mimi ningefanya nini? Simu imesema imepita."

Nilipompandia kumsalimu hakunipa hata kiti.

"Kaka, si ni nyinyi mnaandika hiyo kitu huko Voi?"

"Ni sisi."

"Na hakuna mtu wa Bura huko?"

"Niko."

"Basi huko unafanya nini, unapikia watu chai?"

Alikuwa amepanda kitalu kingine nyuma ya nyumba, amekifunika kwa majani ya migomba, anakinywesha kwa kikombe. Akanionyesha. Ndicho alichobaki nacho. Miche ilikuwa kama kidole. Kabla haijafika ya kuhamishwa angehitaji maji ya mfereji, na zamu yake ya kawaida peke yake isingetosha. Zikiamshwa zile tatu, kitalu kinapona. Zisipoamshwa, mwaka mzima umekwenda. Nikamwambia, "Nitaiandika mimi mwenyewe." Akasema, "Sawa," kwa ile sauti ya mtu anayejua kaka yake alimeza kitu cha redio. Yeye peke yake ndiye niliyemwambia.

Niliandika siku nne. Vidole vyangu ni vya spana, kibodi haivipendi. Nikatengeneza faili jipya, ndani yake kazi mbili kubwa, laza zamu na amsha zamu, na nyingine ndogo za kusaidia. Nikampa binti.

Pale tulikuwa na programu nyingine ndogo ambayo kazi yake ni kukagua maandishi ya programu kama yamefuata kanuni. Tuliiita mkaguzi. Kipande chako hakisomwi na mtu mpaka mkaguzi aridhike.

"Babu," akasema binti, "mkaguzi amekutapika."

"Amesema nini?"

"Mstari wa kumi na tatu, herufi themanini na mbili. Wa ishirini, themanini na nne."

"Hizo herufi mbili zinamfinya nani?"

"Mimi nitajuaje? Hata mimi wiki jana alinitapika. Rekebisha tu, babu."

Nikarekebisha. Mkaguzi akaridhika na urefu, binti akasoma mwenyewe, akakunja uso.

"Hii sk ndiyo nini? Sukuma?"

"Ni siku."

"Basi andika siku. Herufi mbili zaidi hazitakuua."

Nikarudi. Mara ya tatu kazi moja ilikuwa ndefu, haionekani yote kwenye skrini, nikaikata vipande. Mara ya nne ilikuwa ni yale maelezo ya kwa nini. Nilikuwa sijaandika kitu, nikaona labda hawataki. Wakataka. Basi nikaeleza: nyumba ikifiwa, jembe, matanga, jirani kuazima, yote. Binti alicheka mpaka akashika meza. "Babu! Huu ni wasifu wa marehemu. Umesahau tu kuandika ameacha watoto wangapi." Nikapunguza. Kila nilipomuuliza Mwalimu mwenyewe kwa nini nasumbuliwa hivi na dada yangu anangoja, alinijibu kwa upole, "Soma kanuni, kaka. Kanuni ndizo zinazotulinda." Nami nilimwamini. Nilikuwa namuona dada yangu na kile kikombe, lakini nikasema moyoni, vumilia, hii ndiyo bei ya kuwa sawa na wengine.

Siku mkaguzi aliponipa alama ya kijani nilileta kimanga, kile chakula chetu cha kuponda, kwenye bakuli, tukala sote. Mwalimu akala mara mbili. Akafungua kipande changu, akateremsha, akateremsha.

"Nzuri," akasema. "Safi kabisa. Ila haikai vizuri na kiini."

Kiini ndilo faili linalogawa zamu zenyewe, lile la kwanza kabisa, la siku za Njukini. Sikuwahi kulifungua. Nilikuwa naliona kama altare, mahali pa wengine. Mchana huo, wao wakiwa wamekwenda kula, nililifungua nione kipande changu kikae vipi ili kikae vizuri.

Kwanza nilidhani nimefungua faili lisilo lenyewe. Mistari inatoka nje ya skrini inakwenda zake. Nafasi za mwanzo mahali pengine tatu, mahali pengine nane. Majina yalikuwa z, z2, z2b. Kulikuwa na kazi moja niliyoiteremka kama mtu anayeshuka kutoka Wundanyi kwa miguu, nikachoka bado haijaisha. Katikati yake kuna mstari unasema usiguse hapa, bila kueleza kwa nini. Na rekodi ilionyesha kila mstari uliandikwa na nani. Karibu yote yalikuwa ya Mwalimu.

Binti aliporudi nilimuuliza, "Huyu mkaguzi, kiini huwa anakiangalia?"

Akaweka mkoba chini polepole. Akanifungulia faili dogo sana, nafikiri lilikuwa na mistari sita au saba, orodha ya mafaili ambayo mkaguzi ameambiwa asiyaangalie. Kiini kilikuwa cha kwanza.

"Nilidhani unajua," akasema.

Mwalimu hakuficha. Hilo namkubalia. Alivuta kiti akakaa karibu yangu akanieleza, na kwa kuwa nataka kumtendea haki nitayaandika maneno yake yalivyokuwa. Alisema kiini kiliandikwa kabla ya kanuni. Kanuni alikuja kuziandika baadaye kwa sababu ya kiini, baada ya kuona alichokifanya, ili wengine wasifanye vile.

"Basi kwa nini hukukisafisha?" nikauliza.

"Kaka yangu, kile kinafanya kazi. Nikikigusa ili kiwe kizuri tu, nikakosea mahali pamoja, mifereji yote inalala bila maji. Nani atanishukuru kwa uzuri? Halafu angalia hii rekodi. Mstari huu niliandika siku Njukini walipigania lango la maji, sababu iko hapa. Nikipanga nafasi upya faili zima, rekodi yote itasema fulani alipanga nafasi, basi. Sababu zote zinazikwa. Na watu wanaoshika vipande vyao sasa hivi juu ya faili hilo, kazi zao zote zitagongana. Na sehemu hii ya chini si yetu, tuliichukua kwa watu wengine nzima nzima. Tukiibadilisha sura, wakitoa mpya hatutaweza kuilinganisha."

Nilimwelewa. Ningesema sikumwelewa ningekuwa mwongo. Hata relini kuna daraja ambalo mafundi wapya hawaruhusiwi kulipaka rangi. Lakini niliuliza kitu kimoja. "Kwa nini hukuniambia siku ile ya kwanza?"

"Ningekuambia, ungeandika kama kiini," akasema, akanipiga bega. "Chako Ijumaa nakiingiza, baada ya swala. Nenda Bura kamwambie dada yako."

Nikaenda. Ijumaa hiyo hiyo, alasiri, simu ya dada yangu ikalia akiwa anachambua maharage. Akanipa nisome maana miwani yake ilivunjika kwenye msiba. Zamu yako iliyolala imeamshwa, kesho asubuhi. Tuliisoma mara tatu. Kesho yake tulisimama kwenye tuta, mwenyekiti mwenyewe akainua lango, maji yakashuka na takataka zake mbele, majani, na kandambili moja ya mtoto, yakaingia kwenye kitalu. Dada yangu alivua viatu akasimama ndani yake. Akaniita kwa sauti majirani wasikie, "Huyu ndiye aliyeandika! Huyu!" Mwenyekiti akanishika mkono kwa mikono miwili. Jumapili kanisani watu walinisogelea, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaachia wanisogelee. Nilieleza laza zamu na amsha zamu kwa watu ambao hata hawakuuliza.

Jumatatu niliteremka Voi mapema. Binti alikuwa peke yake. Aliniamkia akarudisha macho kwenye laptopu haraka, na mimi nilikuwa na furaha mno hata sikuliona hilo. Nilitaka kwanza kuona kipande changu kikiwa ndani. Nikafungua. Faili langu halikuwepo. Nikatafuta kule vinakokaa vipande vinavyongoja, nikakikuta huko. Kimefungwa bila kuingizwa. Chini yake neno moja: Imeshughulikiwa.

"Imeshughulikiwa maana yake nini?" nikamuuliza.

"Babu..." akasema. Kisha akaniletea kiini, akashuka nacho hadi mahali, akaniachia nitazame.

Mistari tisa. Imechomekwa katikati ya ile kazi isiyoisha. Kulaza kulikuwa zl, kuamsha kulikuwa za. Maelezo ya kwa nini lilikuwa neno moja, matanga. Mstari wa tatu nilihesabu kwa kidole kwenye skrini, mara mbili: herufi mia moja na arubaini. Rekodi ilisema Mwalimu, Ijumaa, mchana.

Mwalimu aliingia akiwa na chupa ya chai. "Kaka! Umerudi. Habari za mlimani?"

"Kazi yangu umeifunga."

"Imeshughulikiwa," akasema, akimimina. "Dada yako hakupata maji?"

"Alipata."

"Alhamdulillahi. Basi?"

"Mstari wa tatu una herufi mia moja na arubaini."

Akacheka. "Wewe umekaa ukahesabu?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu."

Akaacha kucheka. Aliweka kikombe mbele yangu, akasema pole pole, kama anavyosema na mteja aliyerudisha kitambaa. "Sikiliza. Chako kilikuwa mistari tisini na kitu, faili zima jipya, na kiini kingehitaji kufunguliwa sehemu tano ili kikikubali. Mimi nilijua mahali pa kuchomeka. Mistari tisa ikatosha. Watu walikuwa wanangoja maji."

Hapo alisema kweli, na ukweli wake ndio ulionichoma zaidi. Kitalu kile kilipona kwa mistari yake. Siwezi kulibishia hilo.

"Ungeniambia nichomeke mistari tisa, ningechomeka," nikasema. "Ulinirudisha mara nne. Herufi mbili. Siku badala ya sk. Yeye kule anakinywesha kwa kikombe."

"Kile kilikuwa faili jipya. Faili jipya linafuata kanuni. Ndani ya kiini tunafuata kiini. Ukiingiza mtindo mwingine katikati, anayesoma atajikwaa. Kila mradi mkubwa uko hivyo, kaka, si wetu tu."

"Hiyo iko ukurasa gani?"

"Ipi?"

"Hiyo ya ndani ya kiini tunafuata kiini. Kurasa ni kumi na mbili, nazijua kwa moyo. Iko ya ngapi?"

"Haikuandikwa."

"Sasa mimi ningeijua wapi?"

"Mambo mengine hayaandikwi. Sisi tunaokaa hapa tunajua tu."

"Hata mimi sikujua," akasema binti kutoka kwenye meza yake, bila kuinua kichwa.

"Wewe ungekuja kujua," Mwalimu akamjibu.

Hakusema kwamba na mimi ningekuja kujua. Nilimngoja aseme. Nilimpa muda wa kutosha, feni ikazunguka, chini dukani mtu alikuwa anapasua kitambaa kwa ile sauti ndefu. Akasema, "Kunywa chai, itapoa."

"Kile changu ulikisoma mpaka mwisho?"

Akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Nilikipitia."

Miaka miwili nilimjua huyu mtu, sikuwahi kumsikia akisema uongo, na hata siku hiyo hakusema. Nilikipitia. Ile sehemu ya amsha zamu, niliyoikata vipande vitano ili kila kimoja kionekane bila kuteremsha skrini, na maelezo yake niliyoyapunguza mara tatu mpaka yakabaki maneno ambayo dada yangu mwenyewe angeyakubali, aliipitia. Kama mtu anavyopita dirisha la basi.

Sikugombana naye. Watu wa Bura wakisikia habari hii huwa wanataka nigombane hapa, wengine hunisaidia kwa kuongeza maneno ambayo sikuyasema. Nilikunywa chai nusu kwa sababu ilikuwa nzuri. Nilichukua miwani yangu na ule mwiba wa mgunga niliokuwa nao kwenye droo kwa ajili ya vumbi. Zile karatasi kumi na mbili niliziacha juu ya meza, zimelala kifudifudi, ingawa nikifikiria sasa ningezichukua, maana kwa upande wa nyuma nilikuwa nimeandika namba za watu.

"Babu, unarudi mchana?" binti akauliza.

"Nashuka kidogo," nikamwambia.

Nikashika ukuta kwa ajili ya magoti, ngazi moja baada ya nyingine, nikapita katikati ya vitambaa, nikamsalimu aliyekuwa anapima, nikatoka kwenye jua, na sikupanda tena.